Blanketi la milia kwa mtoto mchanga: panga ukingo kabla ya kupanga rangi

Dada uliyeuliza namna ya kufuma blanketi la milia kwa ajili ya mtoto wa mdogo wako anayetarajiwa Julai huko Makete, ukiwa na mabonge ya rangi mbalimbali yaliyobaki kwenye masweta na ukihofia kwamba pembeni patajaa nyuzi zinazoning'inia, nakujibu kama jirani yako wa Njombe ambaye amefumia watoto wa ukoo wake kwa miaka mingi. Hofu yako ni ya msingi. Kazi ya milia huharibikia ukingoni kuliko katikati, na upande wa nyuma, ambao wafumaji wengi hawaujali, ndio unaogusa ngozi ya mtoto.

Kuhusu uzi, mimi huchagua akriliki laini ya unene wa kati. Sufu halisi hutunza joto vizuri zaidi, lakini ikisuguliwa kwenye maji ya moto husinyaa na kuwa ngumu, na si haki kumtwisha mama aliyetoka kujifungua kazi ya kuifua kwa uangalifu. Pamba nayo hunyonya maji mengi, na katika ukungu wetu wa Julai huchelewa sana kukauka. Kwa kuwa mabonge yako ni mabaki, hakikisha yote yana unene mmoja: zungushia kila uzi kwenye penseli mara 10, bila kuuvuta, kisha linganisha upana unaopatikana. Uzi unaozidi au kupungua sana uuache, kwa maana mlia wake utatuna au utabana blanketi zima. Nyekundu na buluu iliyokoza zilowekwe kwanza kipande kidogo kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha kikamuliwe juu ya kitambaa cheupe, ili ujue kama zinachuja.

Kwa sindano za milimita 4, uzi wa namna hiyo hutoa takribani vitanzi 22 katika sentimita 10, hivyo blanketi la upana wa sentimita 80 huanza na vitanzi 176. Fuma kwanza kipande cha majaribio, kwa sababu mikono hutofautiana. Ukipata vitanzi 20 badala ya 22, basi anza na 160. Gramu 300 hadi 400 kwa jumla hutosha kufikia urefu wa sentimita 90. Ukipata sindano mbili zilizounganishwa kwa waya laini, zitumie, maana uzito wote hukaa mapajani badala ya kuchosha viganja. Fuma kila safu kwa mshono wa mbele (sindano huingia kwenye kitanzi kutoka mbele, uzi ukiwa nyuma), kwenda na kurudi. Kitambaa chake huwa kinene, pande zote mbili hufanana, na kingo hazijikunji kama zinavyojikunja unapobadilisha mshono wa mbele na wa nyuma safu kwa safu.

Sasa tufike ukingoni. Kila mlia uwe na safu shufwa: 2, 4, 6 au 8. Ukifanya hivyo, kila rangi humalizikia upande uleule ilipoanzia, na uzi unaouhitaji baadaye utaukuta hapohapo ukikusubiri. Tena, rangi zote zitabadilishwa kwenye uso mmoja wa blanketi: upande wa mbele, mpaka ulio kati ya milia utakuwa mstari safi, na upande wa nyuma utaona vidoti vya rangi mbili vilivyopishana. Vidoti hivyo si kasoro, ndivyo mshono huu ulivyo, ilimradi vikae upande mmoja tu. Ukibadilisha rangi kwenye safu witiri, vitatokea huku na huku na kazi itaonekana imevurugika.

Ikiwa milia yako ni myembamba, ya safu 2 au 4, na rangi zinazopokezana ni mbili, usikate uzi. Upandishe pembeni kwa kuusokota na ule unaofumia kila baada ya safu 2. Usiuvute, la sivyo ukingo huo utakuwa mfupi kuliko wa pili na blanketi litapinda. Kwa milia mipana zaidi au rangi zaidi ya mbili, kata uzi na uache ncha ya sentimita 15. Ncha hizo zifiche kila jioni unapoweka kazi chini, maana zikirundikana hukatisha tamaa kabisa: tumia sindano butu, pitisha ncha ndani ya mlia wa rangi yake, kisha igeuze irudi ilikotoka. Usipige fundo. Fundo huchoma ngozi laini ya mtoto, na baadaye hufunguka kwenye kufua. Kitanzi chochote kilicholegea, hata kidogo, kikazwe, kwa kuwa kidole cha mtoto kinaweza kunasa humo na damu ikazuiwa kupita.

Ili usiishiwe na rangi katikati ya mlia, kumbuka kwamba safu moja hula uzi wa takribani mara 3 ya upana wa blanketi, na kidogo zaidi. Kwa sentimita 80, mlia wa safu 4 unahitaji kama mita 10. Bonge dogo kuliko yote ligawe sawa, nusu mwanzoni na nusu mwishoni.

Safu ya mwisho ifunge kwa kulegeza mkono, au kwa sindano ya milimita 5, kisha ufue na kuanika kivulini pakiwa tambarare. Akriliki usiipige pasi ya moto. Mweleze mdogo wako pia kwamba blanketi hili ni la kumfunikia mtoto anapopakatwa au anapokuwa mgongoni kwenye mbeleko, mtu mzima akiwa naye. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asilazwe na blanketi lililolegea.

Pima mabonge yako kwenye mizani ya jikoni, uniandikie rangi na gramu za kila moja, nami nitakusaidia kupanga mfuatano wa milia.