Nguruwe kitambi wa kufuga ndani habaki mdogo

Ndugu yangu, umeuliza kama nguruwe kitambi (aina ya nguruwe mwenye tumbo linaloning'inia) ambaye muuzaji anaapa atabaki mdogo anafaa kukaa sebuleni. Habaki mdogo. Huendelea kukua hata baada ya miaka 3, na wengi hufikia kilo 45 hadi 90. Kuonyeshwa wazazi wake wadogo si ushahidi, kwani huzaa kabla hawajamaliza kukua. Na tafadhali usimpunje chakula ili adumae, ni ukatili.

Kinachosumbua zaidi ni ile pua. Amezaliwa kufukua: asipopata udongo, ataingiza pua chini ya zulia pembeni na kulikunja lote. Anahitaji uwanja, kivuli na dimbwi la kugaagaa, maana jasho halimpoozi. Jike ambaye hajafungwa kizazi hubadilika tabia kila wiki 3 hivi, kwa hiyo mwone daktari wa mifugo mapema. Huweza kuishi miaka 15 na zaidi. Kama huna uwanja, usimchukue.