Usikimbie darasa la uhasibu

Mnaoanza kusomea usimamizi wa mashirika yasiyo ya kiserikali, karibuni. Najua baadhi yenu mmekuja huku mkizikimbia hesabu. Hata mimi nilizikimbia, zikanikuta kijijini.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Tuliandaa semina ya siku moja kwa kina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Bajeti ilisema washiriki 40, nauli shilingi 5,000 kila mmoja. Kufika saa nne asubuhi wameshajaa 53, maana mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwa nia njema kabisa. Utamrudishaje mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni? Nikachomoa 65,000 kwenye pesa ya mafuta ya gari, wote wakasaini, nikalala nikijiona nimetenda haki.

Miezi mitano baadaye mkaguzi akaweka kidole kwenye ile karatasi ya mahudhurio. Hakubisha kwamba wale 13 walikuwepo. Aliuliza, "Nani alikuruhusu kuhamisha?" Ikaandikwa gharama isiyokubalika, nikailipa kwenye mshahara.

Darasani tulifundishwa tofauti ya fedha zenye masharti, yaani za kazi iliyotajwa tu, na fedha huru, ambazo shirika huzipangia lenyewe, kwa dakika kama kumi hivi, kisha tukarudi kwenye kuandika maandiko ya miradi, somo tulilolipenda. Ningepewa nafasi ningegeuza. Mikataba mingi ya ufadhili huacha mwanya wa kuhamisha kiasi fulani kutoka kifungu kimoja cha bajeti hadi kingine, ila lazima usome ni kiasi gani na uombe kabla ya kutumia. Barua pepe moja ingeniokoa. Na hapa Tanzania mfadhili hayuko peke yake: mkataba unaozidi shilingi milioni 20 hupelekwa pia kwa Msajili wa mashirika.

Masharti hayo yana upande mwingine. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na kufikia Julai mosi USAID, shirika la misaada la serikali ya nchi hiyo, lilikuwa limefungiwa shughuli zake. Shirika ambalo kila senti yake ilikuwa ya mradi fulani halikuwa na hata ya kulipia pango. Kwa hiyo mkiona bajeti ya shirika mnaloenda kufanyia mafunzo kwa vitendo, ulizeni kwanza: fedha huru ni kiasi gani? Na ombeni kukaa meza ya mhasibu hata wiki mbili. Watakushangaa kidogo, basi.

Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kina skuli nzima ya masuala ya utoaji wa hisani tangu 2012. Ni vizuri kusoma kazi zao. Lakini mkifika kwenye mada ya uchangishaji, msiishie huko. Mtaani kwetu yupo mama, mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana. Ana kaunta buku lenye jina, ahadi, kilichotolewa na kilichobaki, na kila kikao hulisoma kwa sauti, aibu ikupate au isikupate. Mwaka jana baada ya msiba mmoja zilibaki 38,000. Wazee wakamwambia anunue soda, watu wamechoka. Akafunga buku, akasema pesa ile ilichangwa kwa maziko. Anayetaka soda asubiri kikao.