Ufadhili wa masomo unatafutwa ukiwa bado nyumbani

Wazee wetu shikamooni, na wadogo zetu habari za huko. Swali linalotufikia sana kutoka Mbeya, Iringa na Njombe ni hili: je, mtu auze kipande cha shamba la parachichi kule Rungwe, au miti aliyopanda Mufindi, apate nauli na ada ya muhula wa kwanza, halafu ufadhili wa kumalizia chuo autafute akishafika Ulaya?

Hapana. Msiuze. Ufadhili mkubwa unaolipa ada, nauli na posho ya kujikimu ili mtu asome bila kufanya kazi hutolewa kwa aliye bado nyumbani, na kutangulia kufika huku Ulaya kunaweza kukufungia mlango. Commonwealth Shared Scholarships za Uingereza, ambazo ni za watu wa nchi za Jumuiya ya Madola, hazimchukui mtu aliyekwisha kusoma au kufanya kazi mwaka mzima katika nchi tajiri. Ufadhili wa EPOS, wa kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, unaotolewa na DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, kwa kawaida haumpokei aliyekaa Ujerumani zaidi ya miezi 15 kabla ya kuomba. Kwa hiyo aliyeuza shamba akaja kusoma kwa fedha zake hujikuta amepoteza shamba na sifa ya kuomba kwa pamoja.

Semeni ukweli pia na watoto waliomaliza kidato cha sita: ufadhili kamili wa shahada ya kwanza ni mchache mno. Uliopo wa uhakika ni kama ule wa serikali ya China, ambao kwa shahada ya kwanza unataka uwe chini ya miaka 25 na unalipa posho ya yuani 2,500 kwa mwezi. Ukisoma kwa Kichina utaanza na mwaka wa lugha. Wengine wote, mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) na chuo cha nyumbani ni njia nzuri kuliko kukaa miaka miwili mkisubiri. Milango mingi hufunguka kwenye uzamili.

Huko kwenye uzamili, anza na ufaulu wako. Kwa mizani yetu ya 5.0, daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na Chevening (ufadhili wa serikali ya Uingereza) na Commonwealth kwa kawaida wanataka angalau kiwango hicho. Chevening inadai pia saa 2,800 za kazi. Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki, hizo ni wiki 70. Baada ya masomo lazima urudi nyumbani miaka miwili, na hilo wanalisimamia. EPOS inataka miaka miwili ya kazi baada ya shahada, na shahada yenyewe isizidi miaka sita. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaomba DAAD moja kwa moja, wakati maombi ya EPOS yanapelekwa kwenye kozi husika ya chuo, na kila kozi ina tarehe yake ya mwisho.

Nyaraka ndizo zinazoangusha watu wengi kuliko akili. Jina ni adui wa kwanza. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Tusajigwe, cheti cha kidato cha nne Tusajigwa, NIDA wameanza na jina la ukoo. Kwetu huko majina ya Kinyakyusa na Kihehe huandikwa kila mtu anavyoyasikia, kwa hiyo kagua herufi moja moja. Rekebisha kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu pasipoti ndiyo itakayofuatwa na viza, barua ya udahili na akaunti ya benki. Tofauti ndogo huweza kumalizwa kwa kiapo kwa wakili; kubwa inahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Pasipoti ni shilingi 150,000, fomu unaanzia mtandaoni, na utadaiwa cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake. Mzazi aliyezaliwa kijijini miaka ya zamani huenda hana cheti, basi lianze hilo mapema.

Chuoni, iwe MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), Mkwawa au Teofilo Kisanji, omba transkripti kamili, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako zote. Matokeo ya muda wengi hawayakubali. Barua ya mwajiri kwa EPOS iwe na kichwa cha barua cha ofisi, tarehe, sahihi na mhuri. Ikikosa kimojawapo huenda isikubaliwe. Skani kwa rangi kwenye stesheneri. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole haisomeki.

Mhadhiri atakayekupendekeza mfuate miezi miwili kabla, mpe transkripti na maelezo ya kozi. Mara nyingi hutumiwa kiungo kwa barua pepe, nacho kinaweza kuangukia kwenye spamu, kwa hiyo umkumbushe kwa heshima. Atumie barua pepe ya chuo.

Barua ya kueleza nia ndiyo inayokupambanua, na hapa tunawaomba mtulie. Sentensi kama "nimezaliwa katika familia duni na nataka kuleta maendeleo ya kilimo" zinaandikwa na maelfu. Andika kazi uliyoifanya. Kama ulifanya kazi na wakulima wa viazi Uporoto, eleza ugonjwa wa bakajani uliwaharibia vipi, mbegu safi ilipatikana wapi, wewe ulijaribu nini, kipi kilishindikana, na somo gani katika kozi hiyo linajibu pale ulipokwama. Kisha sema ukirudi utafanya kazi wapi, taasisi ya aina gani. Msomaji wa maombi anatafuta mtu ambaye tatizo analijua kwa mikono yake.

Angalieni saa. Tarehe ya mwisho ikiandikwa 12:00 UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu), kwenu ni saa tisa alasiri. Anayedhani ni saa sita usiku amekwisha chelewa. Tuma siku tatu kabla, maana umeme na mtandao haviombi ruhusa.

Chevening, Commonwealth na DAAD hawatozi ada ya maombi. Wakala anayedai pesa ili "akuingize" ni mwizi, hata kama mnasali naye kanisa moja. Gharama zako halali ni pasipoti, mtihani wa Kiingereza (matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili, na baadhi ya vyuo huridhika na barua kwamba ulisoma kwa Kiingereza, waulize kwanza), na safari za Dar kwa ajili ya viza. Kwa Uingereza kuna kipimo cha kifua kikuu katika kituo walichokiidhinisha wao. Cheti cha hospitali ya mkoa hakitapokelewa.

Sasa pesa yenyewe, maana hapa ndipo ndugu hugombana. Posho ya DAAD kwa uzamili ni yuro 992 kwa mwezi. Chumba katika mji wa kawaida kinaweza kula 400, chakula 200 na zaidi, na kila nyumba hulipa yuro 18.36 kwa mwezi za redio na televisheni, uwe nayo au usiwe nayo. Mwenye nyumba anaweza kudai dhamana hadi ya kodi ya miezi mitatu kabla hujalala. Posho ya kwanza nayo husubiri usajili wa makazi na akaunti ya benki, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Posho hiyo imepigiwa hesabu ya mtu mmoja anayesoma. Haijengi nyumba Uyole wala haisomeshi wadogo wanne, na mwanafunzi anayelazimishwa kuituma hutafuta vibarua vya usiku, akaanza kufeli. Kaeni naye kikao kabla hajapanda basi, mkubaliane kiasi, hata kama ni sifuri. Badala ya kumuuzia shamba, mpeni kidogo cha mwezi wa kwanza, na vyeti halisi avibebe kwenye mkoba wa mkononi, visiingie kwenye begi la mizigo.