Julai ya Nairobi na kifua cha mtoto: dirisha lifunguliwe saa ngapi?

Kama mwanao ana pumu na mnaishi Nairobi, nakuomba usifungue madirisha alfajiri mwezi wa saba. Najua tulivyolelewa: mama akiamka anafungua dirisha hewa safi iingie, na kule mashambani bado ni sawa. Hapa mjini, hasa huku Eastlands, hiyo ndiyo saa ambayo moshi umetuama karibu kabisa na ardhi. Binti yangu alikuwa akikohoa kila asubuhi ya msimu wa baridi, na nafuu ilianza tulipobadilisha saa za dirisha. Dawa yake ya kuvuta hatukuiacha, na wewe usiiache.

Sababu iko kwenye umbo la mji. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, lakini haijakaa kileleni. Magharibi ardhi inapanda kwenda Kikuyu na Limuru, hadi zaidi ya mita 2,000; kusini-magharibi ni Milima ya Ngong. Mashariki, tuliko sisi wa Umoja, Kayole na Embakasi, inateremka kuelekea tambarare za Athi. Usiku ukiwa shwari ardhi hupoa, na hewa iliyoigusa hupoa nayo, ikawa nzito, ikashuka polepole kwa mabonde ya mito ya Nairobi, Mathare na Ngong. Inakuja kutuama huku chini. Juu yake hubaki hewa yenye joto kidogo, na moshi hukwama chini yake. Wakati huohuo matatu za kwanza zinapasha injini, mama mandazi anawasha jiko, na takataka zilizochomwa jana zingali zinafuka.

Miezi mingine jua huja likaivunja hali hiyo. Likishapasha ardhi, kufikia saa nne hivi, hewa ya chini inapanda na kubeba moshi juu, na mchana upepo humaliza kazi. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta unyevu kutoka baharini, unyevu ukipanda nyanda za juu unageuka wingu zito, na kuna siku hatulioni jua mpaka saa nane. Ardhi haipati joto. Moshi wa asubuhi unakutana na wa jioni.

Mimi hupangusa kingo za dirisha la jikoni kwa kitambaa cheupe. Januari na Februari kinatoka na vumbi jekundu la barabara, kavu, unalikung'uta likaanguka. Julai kinatoka cheusi, masizi yenye mafuta mafuta yasiyotoka bila sabuni. Vumbi lile nene sehemu kubwa hunaswa puani. Masizi yana chembe zisizofika mikromita 2.5 kwa upana, na unywele mmoja una takriban 70. Hizo hupita mpaka ndani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha chembe hizo, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Ukikaa karibu na Jogoo Road huhitaji kipimo kujua tumekizidi mbali kiwango hicho.

Mvua ya masika husaidia, ingawa huosha vumbi vizuri kuliko masizi. Kaskazi nayo ina adha yake kwetu: ikivuma, moshi wa jaa la Dandora unatuelekea sisi tulio kusini-magharibi mwake, na siku hizo nguo nyeupe sianiki juu ya paa.

Sasa, kwangu tunafanya hivi. Msimu wa baridi madirisha hufunguliwa kuanzia saa tano hadi saa kumi, kisha yanafungwa kabla foleni ya jioni haijaanza. Kukimbia mazoezi nimekuhamishia mchana wa wikendi. Mtoto akitembea kwenda shule tunapita vichochoro vya ndani. Hata mita 100 au 200 kutoka barabara kubwa zinapunguza moshi wa magari sana, na ukitafuta nyumba ya kupanga, lifikirie hilo kabla ya kufikiria urahisi wa stendi. Barakoa ya kitambaa haizuii masizi. Ile ya N95 inazuia, mradi ibane uso vizuri. Kabla ya kuamua lolote mimi hupanda paani kuitazama Milima ya Ngong: ikionekana wazi, tunafungua, kukiwa na utando wa kahawia juu ya mapaa ya mabati, tunasubiri.

Ila haya ya kufunga ni kwa nyumba isiyo na moto ndani. Ukipika kwa makaa au mafuta ya taa, acha dirisha wazi hata kama nje kuna baridi ya kuuma, na makaa yawashie nje. Na usiingize jiko chumbani mlale nalo, hata makaa yakionekana yameshika vizuri na hayatoi moshi. Hapo ndipo yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Kila Julai mji huu unazika watu kwa sababu hiyo. Ongeza blanketi, mvalishe mtoto soksi na kofia, mlale pamoja kitanda kimoja ikibidi. Jiko libaki nje.