Maswali na majibu: Geraldine wa Albania na miaka yake ya uhamishoni

Huyu Geraldine, malkia wa Albania, alikuwa Mualbania kweli?

Hata kidogo. Alizaliwa Budapest mwaka 1915, baba yake mwungwana wa Hungaria, mama Mmarekani. Ukoo ulikuwa na jina kubwa na mfuko mtupu, hata binti akawa anauza kadi za posta kwenye jumba la makumbusho. Mfalme Zog wa Albania alimpa cheo cha binti mfalme kabla ya harusi, kisha wakaoana Tirana, mji mkuu wa Albania, tarehe 27 Aprili 1938. Bwana Mwislamu, bibi Mkatoliki, kwa hiyo ndoa ilifungwa kiserikali. Hitler alituma zawadi ya Mercedes nyekundu. Haukupita mwaka, mshirika wake Mussolini wa Italia naye akatuma majeshi.

Walitorokaje?

Mtoto wao, Leka, alizaliwa tarehe 5 Aprili 1939. Siku mbili baadaye, tarehe 7, Waitalia wakatua pwani. Geraldine, mzazi ambaye hata kukaa hajaweza vizuri, akapitishwa milimani na kichanga hadi Ugiriki. Kutoka hapo wakaenda Uturuki, kisha wakazunguka kaskazini kupitia Poland na Sweden ili wasikanyage Ujerumani, mpaka wakafika Ufaransa. Ufaransa nayo ilipoanguka mwaka 1940, wakakimbilia Uingereza.

Watu humsema Zog kwamba aliitupa nchi. Huenda wana hoja. Lakini mama aliyejifungua juzi hakuwa na la kuamua.

Walikuwa wakila nini?

Dhahabu! Zog aliondoka nayo, na wapinzani wake walidai ni mali ya umma. London walianzia hoteli ya Ritz, baadaye wakahamia nyumba ya mashambani huko Buckinghamshire. Mwaka 1951 Zog alinunua jumba kubwa Long Island, Marekani, lakini hakuwahi kulikalia, akaliuza mwaka 1955. Msafara wao nao haukuwa mdogo: kulikuwa na dada za mfalme, jamaa na watumishi, wote wakimtegemea mtu mmoja asiye na kazi.

Nasikia waliishi Afrika. Ni kweli?

Ndiyo, tena mara mbili. Mwaka 1946 Mfalme Farouk aliwakaribisha Misri. Ukoo wa Farouk ulianzishwa na Muhammad Ali, mtawala wa zamani wa Misri, ambaye asili yake inahesabiwa kuwa ya Kialbania, kwa hiyo walipokewa kama jamaa. Farouk akapinduliwa mwaka 1952, na miaka mitatu baadaye wageni wake wakarudi Ufaransa, ambako Zog alifariki mwaka 1961.

Mara ya pili ni baada ya Leka kufukuzwa Hispania mwaka 1979 kwa sababu ya silaha zilizokutwa kwake. Alipita Rhodesia (Zimbabwe ya leo), akaishia Afrika Kusini ya makaburu. Mwanawe alizaliwa huko mwaka 1982, na Geraldine aliishi nao.

Alirudi kwao?

Mwaka 1997 Waalbania walipiga kura ya maoni kuhusu ufalme, na waliouunga mkono walikuwa kama theluthi moja tu. Hata hivyo, mwaka 2002 familia iliruhusiwa kurudi. Geraldine aliingia Tirana mwezi Juni, akiwa na miaka 86, akafariki hapo tarehe 22 Oktoba mwaka huohuo. Mabaki ya Zog yalitolewa Ufaransa miaka kumi baadaye.