Seva ya redio ya intaneti ibaki hai ukifunga terminali

Ndugu, uliuliza namna ya kuiacha Icecast (programu ya seva inayorusha redio mtandaoni) iendelee ukifunga terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Iwashe hivi: icecast2 -b -c /etc/icecast2/icecast.xml. Hiyo -b ndiyo inayoipeleka kufanya kazi chinichini, ukifunga terminali haizimi. Usiiwashe kama root (akaunti kuu ya msimamizi), itakataa. Kwa kawaida wasikilizaji huingia kwa poti (namba ya mlango wa seva) 8000.

Ila kwa studio ya hapo Kirumba, Mwanza, nakushauri sana seva isikae studio. Icecast humpa kila msikilizaji mkondo wake: watu 50 kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni megabiti 3.2 za kupakia, muda wote. Vifurushi vingi vya intaneti havihimili. Kodi seva ndogo nje ya studio, kisha kutoka Mwanza itumie mkondo mmoja tu kwa butt au DarkIce (programu za kutuma sauti kwenye seva). Naendesha redio ya kwaya yetu hivyo, na wenzetu wa Ukerewe wanaipata vizuri kwa simu.

Usisahau kuweka fallback-mount (mpangilio wa mkondo mbadala) kwenye faili la mipangilio, icecast.xml, ielekeze kwenye mkondo wa akiba ulioko hukohuko kwenye seva. Umeme ukikatika studio, msikilizaji anahamishiwa huko badala ya kutupwa nje.

Mkirusha habari, ulizeni kwanza TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni.