Jibu: Vifaa vya doria ya mitego Arabuko-Sokoke

Ndugu, umeuliza kama fedha zenu ziende kwenye ndege ndogo ya doria ya angani au kwa maskauti wa miguu. Kwa msitu huu wa Malindi, anzeni na miguu. Kitanzi cha waya kilichotegewa paa nunga (paa mdogo wa msituni) au sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) hakionekani kutoka juu, majani yanakifunika.

Kila skauti apewe koleo la kukatia waya, glavu za ngozi, buti na maji lita 3. Kikundi kibebe jipiesi (kifaa cha kuonyesha mahali mlipo), redio mbili na betri za akiba, maana mawimbi ya redio hufifia penye miti mingi. Tembeeni sambamba kwa mstari mmoja, mtu na mwenzake mita 5 hivi, macho chini ya goti. Mkiona ufito uliopindwa au uzio mdogo wa matawi wenye mwanya, hapo pana mtego. Rekodini mahali kwanza, kisha kateni waya vipande na mwondoke nao wote. Wengi hufungua kitanzi tu na kuacha waya. Kesho kinategwa tena, na mnyama anakufa bure.

Ndege inafaa kutafuta moshi wa matanuri ya mkaa, asubuhi kabla upepo haujachachamaa. Lakini bila kikosi chini chenye redio, mafuta yamepotea. Na hewa ya chumvi hula kebo za usukani: ndege ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaguliwe mara kwa mara.